Dubu wa Urefu wa Kidole

Dubu mdogo wa kitambaa, kwa hesabu ya mafundi na wakusanyaji, ni yule asiyezidi inchi 5, yaani sentimita 12 na ushee. Wengi ni wafupi zaidi ya hapo. Wa sentimita 5 anakaa vizuri kwenye kiganja cha mtoto, na wapo wa sentimita 2 ambao fundi hawezi kuwashona bila miwani. Huwa na kichwa, mikono na miguu iliyoungwa ili izunguke, macho ya shanga, pua ya uzi, na mwili uliotiwa kitu kizito kidogo ili akae wima mezani. Hushonwa kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu cherehani haina namna ya kupita kwenye mkono wenye upana wa punje ya mahindi.

Huku Bashay, kaskazini mwa Tanzania, na kwa ujumla katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, dubu hai hayupo. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini, na wa mwisho kuishi barani Afrika, dubu wa milima ya Atlas huko Moroko na Aljeria, alitoweka katika karne ya 19. Anayejulikana huku ni yule wa kitambaa tu, tedi, anayefika ndani ya robota la mitumba akiwa amebanwa kati ya makoti na mablanketi, kisha akatandazwa chini siku ya mnada pamoja na viatu na sufuria, mara nyingi akiwa amepungukiwa jicho. Kwa fundi, tedi wa namna hiyo ni mwalimu mzuri: akifumuliwa mshono kwa mshono, anaonyesha vipande vyake vyote na jinsi vilivyokutana.

Vitu vingi vya kuchezea havijulikani vilianza lini. Tedi anajulikana. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda Mississippi, akiongozwa na Holt Collier, mwindaji hodari aliyezaliwa utumwani. Collier alimkamata dubu, akamfunga kwenye mti na kumwita rais apige. Roosevelt akakataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa, ingawa aliagiza auawe kwa kisu asiendelee kuteseka, sehemu ya kisa ambayo wauza midoli hawaigusi. Mchoraji Clifford Berryman akalichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post, na huko Brooklyn mke na mume wenye duka, Rose na Morris Michtom, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la utani la rais. Aprili 1909, baada ya kutoka madarakani, Roosevelt huyo huyo alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, na katika safari hiyo ya Afrika Mashariki wawili hao waliua wanyama 512, wengi wao wakapelekwa makumbusho ya Smithsonian.

Wakati akina Michtom wanashona wa kwao, Ujerumani nako kulikuwa na dubu mwingine. Katika mji wa Giengen, Margarete Steiff, aliyepooza tangu utotoni kwa polio na kuendesha maisha yake katika kiti cha magurudumu, alikuwa na karakana ya kushona. Kilichomtoa mwaka 1880 hakikuwa dubu bali tembo mdogo wa kitambaa kizito cha sufu, aliyekusudiwa kuchomekwa sindano. Watoto wakamnyakua wakamfanya mchezo. Mpwa wake Richard, aliyezoea kuchora wanyama katika bustani ya Stuttgart, alibuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka mwaka 1902, na kwenye maonyesho ya Leipzig ya 1903 mnunuzi kutoka Marekani akaagiza 3,000. Tangu 1904 midoli ya Steiff ina kifungo cha chuma sikioni. Iliyoleta dubu mdogo sokoni kwa wingi ni kampuni ya Schuco ya Nuremberg, iliyoanzishwa 1912. Katika miaka ya 1920 ilitengeneza dubu wa sentimita chache waliovishwa manyoya juu ya kiunzi cha bati, na baadhi yao walikuwa na siri: ukimng'oa kichwa, ndani kuna kichupa cha manukato. Hao walikuwa wa kiwandani. Dubu mdogo wa fundi mmoja, anayebuniwa, kukatwa na kushonwa na mtu yule yule, alishamiri kuanzia miaka ya 1970 na 1980.

Anayejifunza kazi hii huanza, karibu kila mara, kwa kuchukua karatasi za kukatia dubu wa nusu mita na kuzipunguza mara kumi. Hapo ndipo anapokwama. Urefu unapungua mara kumi na ujazo mara elfu moja, lakini kitambaa kinabaki na unene wake ule ule. Manyoya ya milimita 3 kwenye mguu wenye unene wa milimita 60 hayaonekani kuwa kitu. Kwenye mguu wa milimita 6 yanauongeza unene mara mbili, nao unakuwa kigogo. Uzi haupungui, fundo halipungui, na upindo wa mshono ambao kwa dubu mkubwa unajificha, kwa mdogo unajaza nusu ya mkono. Kwa hiyo dubu wa sentimita 5 hutengenezewa karatasi zake mwenyewe. Miguu inakatwa myembamba kuliko inavyotakiwa kuonekana, shingo inakazwa, na kile kipande cha katikati kinachotoka puani kupita utosini hadi kisogoni kinapanuliwa, la sivyo uso unakuwa mkali kama wa panya.

Kitambaa chenyewe ndiyo shida ya pili. Tedi wa kifahari hushonwa kwa singa za mbuzi wa Angora. Mbuzi hao walifikishwa Afrika Kusini mwaka 1838, na leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa singa zao. Husokotwa na kufumwa mbali, kwa mfano Duisburg, Ujerumani. Lakini singa hizo ni ndefu mno kwa dubu mdogo. Mafundi wengi hutumia mahameli yenye manyoya mafupi, ya aina inayovishwa makochi, na hapo mnada unasaidia kuliko duka. Koti la zamani la mahameli, lililochakaa kwenye viwiko tu, linatoa dubu wengi kuliko atakaowashona fundi mmoja kwa mwaka. Glovu ya ngozi laini inatoa nyayo na viganja. Macho ni shanga nyeusi, zile zile ndogo za kioo ambazo huku hazijawahi kuadimika. Tedi wa kwanza kabisa walikuwa na macho ya vifungo vya viatu.

Vipande huchorwa upande wa nyuma wa kitambaa, vyote vikielekea ulalo mmoja wa manyoya, na kukatwa kwa ncha ya mkasi ili ikatwe nguo bila kukata manyoya. Kingo hupakwa gundi kidogo zisifumuke. Kisha inakuja sindano, namba 10 au 12, na uzi mmoja. Mshono ni ule wa kurudi nyuma, kila hatua kama milimita moja, ukiacha upindo wa milimita 2, huku ncha ya sindano ikiyasukuma manyoya ndani kabla ya kila tundu. Asiyeyasukuma atayashona pamoja na upindo, na dubu atatoka na kovu la upara mwili mzima.

Kugeuza ndiko kunakowashinda wengi. Mkono ulioshonwa ni kijifuko chenye urefu wa sentimita 2, kitambaa nje ndani, mdomo wazi wa milimita 7. Koleo nyembamba za hospitali huingizwa mpaka mwisho, zinashika ncha ya kiganja, na ncha hiyo huvutwa taratibu huku kitambaa kikisukumwa nyuma kwa ukucha. Mshono ukiwa mrefu, unaachia. Kingo zikiwa hazikupakwa gundi, zinanyambuka, na mkono unabaki vipande viwili. Ukitoka salama, unakunjuka mara moja na manyoya yanasimama, na kwa mara ya kwanza kile kitu kinafanana na kiungo cha mnyama.

Kujaza ni kazi ya kijiti cha kuchokolea meno: pamba kidogo, sukuma, pamba kidogo tena, kuanzia kwenye nyayo. Sufi, ile inayojazwa mito ya pwani, ilitumika sana kujazia tedi wa Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kwa wepesi wake bado inafaa, ila kwa dubu mdogo wepesi ni kasoro. Ndiyo sababu tumbo hutiwa vishanga vya kioo au vijichembe vya chuma. Viungo vya dubu mkubwa hushikwa kwa vibao vya duara na pini. Vya mdogo hushikwa kwa uzi wenye nguvu unaopita bega hadi bega mara kadhaa, unakazwa, na fundo lake kuzamishwa mwilini.

Uso hauna karatasi ya kukatia. Fundi huchomeka pini mbili zenye vichwa vyeusi mahali ambapo macho yanaweza kukaa, anamtazama dubu kwa mbali, anazihamisha kidogo, anamtazama tena. Macho yakikaa chini na kuachana, dubu anakuwa mtoto; yakipanda na kukaribiana, anazeeka. Tofauti kati ya dubu anayependeza na anayetisha ni milimita moja, na hili si la kutia chumvi: kwenye kichwa chenye upana wa milimita 18, milimita moja ni sehemu kubwa. Pua hufumwa kwa nyuzi za hariri zilizolazwa sambamba bila kupishana, mdomo ni mishono mitatu tu. Mafundi waliobobea hufumua pua mara nyingi zaidi kuliko wanafunzi, na huo ndio ubobezi wenyewe.

Ustadi wa kitu kidogo haukuletwa Bashay na mitumba. Wanawake wa Kiiraqw walikuwa na sketi za ngozi zilizoshonewa shanga moja moja, maelfu kwa maelfu, kwa mapambo yaliyopangwa sawasawa kuzunguka upindo. Wasichana walizishona walipokuwa wametengwa kwa mafunzo ya marmo, desturi iliyokoma enzi za ukoloni, na baadhi ya sketi hizo leo zimehifadhiwa katika makumbusho. Na mtoto mchungaji, kama walivyo wachungaji wengi wa Afrika Mashariki, hufinyanga ng'ombe wa udongo akiwa machungani: nundu, ngozi ya koo inayoning'inia, pembe za dume na za jike. Haigi mdoli wa mtu mwingine. Anafinyanga anachokichunga, na mwenzake akimwambia pembe zimekosewa, wote wawili wanajua nani ana haki. Mvua ikinyesha ng'ombe huyo anarudi kuwa tope, wala hakuna anayesikitika.

Tanzania ina mkusanyo mmoja mkubwa wa sanamu ndogo za udongo, nao uliwekwa na mtu aliyezichukulia kwa uzito. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1888 aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya vijisanamu vilivyotumika kuwafunda vijana jandoni na unyagoni, hasa kaskazini mashariki mwa nchi, kila kimoja na wimbo wake na fumbo lake, na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake. Mkusanyo wake uliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Cory hakuridhika na umbo. Aliandika pia maneno yaliyokwenda na sanamu, na bila hayo nusu ya vitu hivyo vingekuwa udongo usiosema chochote.

Mfano wa mtoto mchungaji unampa fundi wa dubu swali la haki: kwa nini dubu? Karatasi za tedi hazidai dubu kwa lazima. Kwenye miamba ya nyanda hizi anaishi pimbi, mwenye mwili wa mviringo, masikio madogo ya duara, pua butu, na mkia usioonekana. Mguu ukifupishwa na shingo ikiondolewa, dubu anageuka pimbi karibu bila kubadilisha kipande cha kichwa, na rangi ya koti la kahawia la mtumba inamfaa kuliko inavyomfaa dubu. Anayemshona ana faida aliyokuwa nayo Richard Steiff pale Stuttgart: anaweza kwenda kumtazama mwenyewe akiota jua.

Kukusanya dubu kulipata heshima miongoni mwa watu wazima kwa msaada wa Peter Bull, mwigizaji wa Uingereza, aliyeandika kitabu juu ya tedi mwaka 1969 na kutembea na dubu wake mdogo, Theodore, mfukoni. Bei zikapanda: Desemba 1994 dubu wa Steiff aitwaye Teddy Girl aliuzwa kwenye mnada wa Christie's mjini London kwa pauni 110,000. Bei ya namna hiyo hulipwa kwa jina na kwa historia ya mmiliki. Dubu wa sentimita 4 aliyeshonwa na fundi asiyejulikana hanunuliwi hivyo, na pengine ndiyo salama yake. Yeye hutazamwa mishono. Mkunje mguu uone kama mshono unafunguka meno. Zungusha mikono yote miwili, maana mmoja ukilegea mwingine utafuata. Mgeuze utafute fundo la kufungia mgongo. Kama linaonekana, fundi alichoka mwishoni.

Adui wa mkusanyo ni nondo, jua la dirishani na unyevu wa miezi ya mvua, ambao kwenye baridi ya Mbulu hukaa nyumbani muda mrefu. Mkebe wa bati wenye majani makavu ya muarobaini unatosha, ukifunguliwa mara kwa mara upate hewa. Dubu hafuliwi, husuguliwa vumbi kwa mswaki mkavu kufuata ulalo wa manyoya. Kila mmoja awe na kadi yake: jina la aliyemshona, mwezi na mwaka, kitambaa kilitoka kwenye nguo gani, ndani mna nini, na urefu wake akiwa amesimama, kutoka kisigino hadi utosini, masikio yasihesabiwe.