Kurejea Programu Iliyoachwa: Uhakiki wa GIMP kama Zana ya Kusomea Miswada ya Kiswahili ya Hati za Kiarabu

Sehemu hii inahakiki GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo mtafiti aliiacha alipokuwa akiandaa tasnifu ya umahiri na kuirejea katika uchambuzi wa miswada ya utafiti huu. Sababu ya kuiacha ni ile inayotajwa na wengi: ni ngumu kujifunza. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa miaka mingi vifaa vyake vilitawanyika katika madirisha mbalimbali. Ni katika toleo la 2.8 la mwaka 2012 ndipo mtumiaji alipopewa hiari ya kufanya kazi ndani ya dirisha moja.

Toleo hilohilo lilizua kero nyingine. Amri ya kuhifadhi ilibanwa kwenye faili ya XCF pekee. Anayetaka JPEG sharti atumie amri tofauti ya kuitoa. Watumiaji walilalamika, mtafiti akiwamo. Kwa mhakiki wa miswada, hata hivyo, malalamiko hayo hayana mashiko. XCF hutunza kila tabaka la picha, ilhali JPEG huyaunganisha yote yakawa sura moja. Tofauti hiyo inakaribiana sana na ile iliyopo baina ya mswada na matini iliyohaririwa, na mhariri asiyeweza kuonyesha alivyotoka kwenye mmoja hadi nyingine hana sababu ya kudai aaminiwe. Katika tasnifu ya umahiri mtafiti alitumia programu nyepesi ya simu, iliyong'arisha ukurasa kwa mguso mmoja. Leo hawezi kueleza mguso ule ulibadilisha nini.

Chukulia ukurasa wenye madoa ya unyevu. Picha ikitenganishwa katika mikondo mitatu ya rangi, mkondo mwekundu hufifisha madoa ya kahawia na wino mweusi hujitokeza. Mtafiti alifurahia matokeo hayo kwa siku kadhaa kabla ya kutambua kuwa mkondo huohuo hufifisha pia wino mwekundu. Pale ambapo mwandishi alitenga vipande kwa alama nyekundu, alama hutoweka pamoja na madoa, na hesabu ya mizani hubaki kuwa makisio ya msomaji. Nukta zina hatari zaidi. Nukta moja ndiyo itenganishayo re na ze. Tofauti ya weusi na weupe ikikazwa kupita kiasi, tundu la mdudu husomeka kama nukta, na nukta iliyopauka hufutika. Baadhi ya beti zilizochambuliwa katika tasnifu hii zililazimu kusomwa upya kwa sababu hiyo.

Programu yenyewe ina dosari inayogusa hoja hii moja kwa moja. Orodha ya hatua zilizofanyika hupotea faili ifungwapo. Aidha, kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2025, marekebisho ya mwanga na rangi yaliibadilisha picha ya tabaka papo hapo, bila kuacha kumbukumbu ya kiwango kilichotumika. Toleo hilo linaruhusu marekebisho yabaki juu ya tabaka na kuondolewa baadaye, lakini picha nyingi za utafiti huu ziliandaliwa kabla yake. Kwa hizo, viwango viliandikwa kwa mkono daftarini, na picha asilia ikaachwa kama tabaka la chini lisiloguswa. Kwa kuwa programu hailipiwi, mtahini anayetilia shaka usomaji wa ubeti wowote anaweza kuifungua faili ileile, akazima matabaka ya juu na kuitazama karatasi ilivyokuwa.