Maungamo ya kweli ao ya muchezo?

Kitabu tunachotaka kupima leo kilitoka Marekani katika mwaka 1984. Mwandishi wake ni Chuck Barris, fundi wa michezo ya televisio. Jina la kitabu ni Confessions of a Dangerous Mind, ndiyo kusema: maungamo ya akili yenye hatari. Chini ya jina hilo mwandishi ameongeza kwamba hizi ni habari za maisha yake mwenyewe, zilizoandikwa bila ruhusa. Bila ruhusa ya nani, ikiwa mwandishi ni yeye mwenyewe? Basi, ndugu musomaji, hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza umekwisha kuonywa: mutu huyu anataka kucheza nawe.

Labda mumoja atauliza: sababu gani kuzungumza juu ya kitabu cha namna hii kati ya watu wanaosoma teolojia na wanaofundisha katekismu? Ni kwa ajili ya neno moja tu, neno maungamo. Sisi tunalijua neno hilo, tunajua uzito wake. Mutu akilichukua na kuliandika juu ya kitabu chake, tuna haki ya kumuuliza kama amelitumia sawasawa.

Tueleze kwanza kazi yake. Barris alizaliwa Philadelphia katika mwaka 1929, akafa katika mwaka 2017. Alianza chini kabisa, kijana wa kutumwa huku na huku katika shirika la televisio NBC. Kiisha akaingia katika shirika lingine, ABC. Wakati ule kulikuwa na makelele mengi juu ya watu wa redio waliopokea rushwa kusudi wapige sahani za waimbaji fulani. ABC ikamutuma Barris akae karibu na Dick Clark, kiongozi wa muchezo wa muziki uliopendwa sana na vijana, na kumuangalia. Kumbe, moja katika kazi zake za kwanza ilikuwa kutazama mwenzake na kupeleka habari kwa wakubwa. Tulishike jambo hili, litatusaidia mbele. Katika mwaka 1962 alitunga wimbo Palisades Park. Freddy Cannon akauimba, ukasikilizwa nchi nzima.

Nyuma ya hayo ikaja michezo iliyomutajirisha. Wa kwanza, The Dating Game, ulianza katika mwaka 1965. Msichana anakaa upande mumoja wa ukuta, vijana watatu wanakaa upande wa pili, hawaonani. Anawauliza maswali, kiisha anamuchagua mumoja kwa majibu yake tu. Wote wawili wanalipiwa matembezi ao safari, pamoja na mutu mzima wa kuwalinda. Wa pili, The Newlywed Game, ulianza katika mwaka 1966. Wanaume waliooa karibuni wanatolewa inje, wake zao wanaulizwa mambo ya nyumbani. Kiisha wanaume wanarudi na kuulizwa mambo yaleyale. Wakijibu sawasawa, wanapata alama. Lakini watazamaji hawakungoja majibu yanayopatana. Walingoja yale yanayopigana, wamuone mwanamuke akimukasirikia bwana wake mbele ya nchi nzima.

Wa tatu ndio uliomufanya ajulikane kwa sura. Ni The Gong Show, wa mwaka 1976 mupaka 1978 kule NBC. Watu wasiojulikana walikuja kuimba, kucheza ngoma, kupiga vyombo, kufanya ujinga wa kila namna. Waamuzi watatu walikaa mbele yao. Wakichoka na mutu, walisimama na kupiga sahani kubwa ya shaba inayolia kama kengele, na mutu yule alikatizwa papo hapo, wote wakicheka. Aliyemaliza na kushinda alipewa dola 516 na senti 32. Hata hesabu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Barris hakukusudia kuwa kiongozi wa muchezo huo, lakini yule wa kwanza hakufaa, basi akaingia mwenyewe, kofia imeshuka mupaka machoni, akipiga makofi kama mutu asiyejua mikono yake iende wapi.

Tusiwe wakali kupita haki. Watu wale walikuja kwa hiari yao, na wengi walirudi nyumbani wakifurahi. Mufanyakazi mumoja wa jukwaa, Gene Patton, aliingia na kucheza ngoma tu, na watazamaji walimupenda kweli. Kuchekesha si zambi. Lakini watu wa magazeti walisema kwamba michezo ya Barris ni takataka, kwamba anauza aibu ya watu wadogo. Maneno hayo yalimuchoma. Naye hakuyajibu kwa kukana. Aliyajibu kwa kitabu hiki.

Sasa, kitabu kinasema nini? Kinasema kwamba wakati wote huo, wa michezo na kicheko, Barris alikuwa na kazi nyingine ya siri: alikuwa muuaji wa CIA, shirika la upelelezi la Marekani. Safari za washindi wa The Dating Game zilikuwa kifuniko: yeye alikwenda pamoja nao kama mulinzi, na kule ngambo aliua watu kwa amri ya wakubwa. CIA imekana. Barris mwenyewe, katika mwaka uleule 1984, alisema waziwazi mbele ya watu kwamba hakufanya mambo hayo; aliomba tu kazi kwao zamani, kiisha akapata kazi ya televisio. Lakini miaka ilipopita, na zaidi katika mwaka 2002 wakati George Clooney alipofanya sinema ya kitabu hiki, aliacha kujibu ndiyo ao hapana. Alifungua mulango nusu, akauacha hivyo.

Neno la kwanza la kupima ni hili: je, huu ni uwongo ao ni muchezo? Wanaomutetea Barris wanasema ni muchezo tu. Tena wanaweza kuleta mushuhuda mukubwa: Mutakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya uwongo, anaweka maneno ya kuchekesha kando, hayahesabu kuwa uwongo, kwa sababu sauti na uso wa musemaji vinaonyesha wazi kwamba hataki kudanganya. Ni sawa. Lakini angalieni sharti yenyewe: ionyeshwe wazi. Barris wa mwaka 1984, aliyesema kwamba ni hadisi, alitimiza sharti hiyo. Barris wa miaka ya nyuma, aliyenyamaza alipoulizwa, hakuitimiza tena. Kitabu ni kilekile, hakuna neno lililobadilika ndani yake, lakini kimya cha mwandishi kilikitoa upande wa muchezo na kukisukuma upande wa pili. Hili ni fundisho kwa kila mwenye kuandika.

Neno la pili ni juu ya maungamo yenyewe. Tumefundishwa kwamba mwenye kutubu anapashwa kutaja zambi zake kubwa, namna yake na hesabu yake. Barris anataja namna, tena namna ya kutisha: kuua. Lakini ni zambi asizozifanya. Nani aliwahi kuona mutu akiingia katika kitubio na kujisingizia? Na bado, nikisoma, sioni kwamba mutu huyu anajivuna tu. Ninaona mutu anayetafuta zambi kubwa ya kutosha kwa aibu aliyo nayo. Magazeti yalimuhukumu kama mwovu kwa sababu ya kengele na kofia. Naye kama anajibu: vizuri, nitawapa uovu wa kweli, muone kama mutanihukumu vilevile, kwani muuaji wa serikali anapata nishani, na muchekeshaji anapata matusi. Shauri hilo lina nguvu, ninakubali. Ndilo jambo lenye akili kupita yote katika kitabu.

Lakini tazameni linamufikisha wapi. Tuweke vitabu viwili pamoja, kwa kuwa ndivyo mwandishi mwenyewe alivyotaka alipochagua jina lake. Augustino, Mwafrika wa Tagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400. Alikuwa na zambi nyingi za kusimulia. Lakini anakawia sana pahali pamoja, juu ya wizi wa matunda. Alikuwa na miaka 16. Usiku, pamoja na wenzake, waliiba matunda ya muti wa jirani, wakayatupia nguruwe. Jambo dogo kabisa! Kwa nini anakawia pale? Kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haelewi. Anachimba na kuchimba, mupaka anagusa kitu hiki: peke yake hangeiba. Ni kicheko cha wenzake kilichomusukuma, utamu wa kucheka pamoja mutu asiyejua kwamba anachekwa.

Kumbe ndiyo zambi ileile Barris aliyohitaji kuiungama! Si bunduki ya hadisi. Ni kicheko cha kundi, na mutu mumoja katikati anayechekwa. Hapo ndipo angeweza kukaa na kuchimba: nilipopiga makofi na mwanamuke yule akakatizwa katika wimbo wake, niliona nini katika macho yake? Nilimusahau saa gani? Lakini mwandishi anapita hapo mbiombio, anakimbilia ngambo kuua wapelelezi. Augustino alichukua zambi ndogo ya kweli, akakaa nayo mupaka ikamufunulia roho yake. Barris alichukua zambi kubwa isiyo ya kweli, ikamusaidia asiangalie ile ndogo. Wazee wanasema: muficha ugonjwa, kifo kitamufunua. Hapa ugonjwa umefichwa nyuma ya ugonjwa mukubwa zaidi wa kutunga.

Na kwa nini wapelelezi, asitunge kitu kingine? Hapa tukumbuke ile kazi ya zamani ya ABC. Alilipwa kumutazama mutu na kupeleka habari. Nyuma yake alitajirika kwa kuwafanya watu milioni watazame nyumba za wengine. Muuaji wa siri ni hadisi, lakini mutazamaji wa siri si hadisi. Naona kwamba mukono wake uliandika kweli kuliko alivyokusudia.

Ni haki kusema pia mazuri ya kitabu. Kinakwenda mbio, hakichoshi. Mwandishi hajipambi, anajicheka yeye mwenyewe mbele ya kucheka wengine. Anayetaka kujua namna televisio ya Marekani ilivyofanya kazi katika miaka ya 1960, namna wazo dogo linavyokuwa muchezo na muchezo unavyokuwa mali, atapata mengi. Ninashitaki jina lake tu, na ahadi iliyo katika jina hilo.

Tena habari haikuishia pale. Barris alikuwa na mutoto mumoja tu, binti, Della. Watazamaji wa The Gong Show walimuona alipokuwa mutoto, kwa kuwa baba yake alimuleta katika muchezo. Della alikufa katika mwaka 1998, ana miaka 36, kwa sababu ya dawa za kulevya na pombe. Katika mwaka 2010 baba yake, muzee wa miaka zaidi ya 80, alitoa kitabu juu yake. Jina lake halina muchezo: Della, ukumbusho wa binti yangu. Hakuna wapelelezi hapa, hakuna kofia. Kuna baba anayerudi nyuma na kutafuta ni wapi alimupoteza mutoto wake. Kitabu hiki hakikupata sinema, na watu wachache wanakijua. Hakiitwi maungamo. Lakini ndicho kinachostahili jina lile.

Faida yetu ni nini? Sisi pia tunasimulia maisha yetu. Katekista anatoa ushuhuda mbele ya wakatekumeni; museminari anaeleza alivyoitwa; padri anaanza mahubiri kwa habari ya ujana wake. Na kila mumoja anajua lile jaribu: wasikilizaji wamepoa, basi tuongeze kidogo. Nilikuwa mulevi mukubwa. Nilikuwa mwizi anayejulikana. Watu wanainua vichwa, wengine wanalia. Leo simu iko katika kila mukono, na ushuhuda wa jioni unafika katika miji mitano mbele ya asubuhi. Tunajiambia kwamba ni kwa ajili ya wema wa roho za watu. Lakini zambi tuliyoiongeza inafunika ile tuliyo nayo, ile ndogo, ya wivu juu ya mwenzetu ao ya kumucheka mwanafunzi aliyekosa kusoma mbele ya wengine, nayo inabaki pale pale, hakuna aliyeigusa.

Hukumu yetu basi ni hii. Confessions of a Dangerous Mind kina maneno machafu na habari za uasherati. Hakifai kwa vijana wa seminari ndogo. Mutu mzima anayejifunza kazi ya kuandika ao ya redio na televisio anaweza kukisoma kwa faida, akijua kwamba ni hadisi. Akiwa na wakati wa kusoma kimoja tu katika viwili, asome kile cha binti. Na mbele ya vyote viwili, afungue sehemu ya pili ya Maungamo ya Augustino, pale penye muti wa jirani.