Windows 11, Linux Mint na zile mashini zetu tano



Mnajua kama komite inatafuta makuta ya kununua mashini mpya kwa chumba chetu cha kusomea. Sababu iliyotolewa ni moja: zile ordinateri tano za zamani hazikubali tena sistemi mpya. Mbele ya kila mmoja kutoa kotizasio yake, naomba mnisikilize kiloko. Nilichukua moja kati ya zile tano, nikaitumia miezi mitatu, kwanza na Windows 11, kisha na Linux Mint. Haya njo niliyoyaona, mazuri na mabaya.

Mashini yenyewe ni ThinkPad T430, ya mwaka 2012, iliyofika Lubumbashi kama okazio ya Bulaya. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 3, RAM giga 4, disiki ya kuzunguka giga 320. Klavye yake ni tamu kuliko ya mashini nyingi zinazouzwa leo. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea ulinzi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Walioandikishwa waliongezewa muda kiloko tu. Na sisi hatuwezi kubaki vile bila ulinzi, juu hapa flashi moja inapita katika mashini kumi kwa siku: sekretaria, kwa rafiki, kisha kwetu. Nani kati yetu hajaona ile virusi inayoficha mafolda na kuacha rakursi tupu, wiki moja mbele ya kudepoze memwari?

Tuanze na Windows 11. Inaomba RAM giga 4, nafasi ya giga 64, kachipi ka usalama kanaitwa TPM 2.0, na, kwa upande wa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. T430 iko na TPM 1.2. Mlango umefungwa. Sisemi TPM haina maana: inatunza funguo za kuficha data, na mutu aliyeibiwa laptop yake ataishukuru. Lakini soma ile orodha polepole. RAM yetu inafika, disiki inafika. Prosesa iliyokuwa inaendesha Word, video na hesabu za memwari jana, leo asubuhi inaendesha vilevile. Kwa hiyo mutu akikuambia "mashini imekufa", muulize: imekufa wapi?

Depanere mmoja wa komini ya Kenya alinicheka: "Mukubwa, hii tutaipitisha tu." Na kweli aliipitisha. Kuna programu inayotayarisha flashi na kuondoa ile kontrole ya TPM na prosesa. Windows 11 ikaingia. Kwa macho ni nzuri, sitaki kudanganya: madirisha yanajipanga pembeni vizuri, na Word ni Word ile kila promoteri anaijua. Lakini kutoka kuwasha mpaka Word kufunguka, nilikuwa na muda wa kwenda kununua mkate. Giga 4 zilijaa mbele sijaandika neno. Kisha nikaelewa jambo baya zaidi: Microsoft inasema wazi kama mashini iliyopitishwa vile haina haki ya kupata mapdeti. Toleo kubwa la mwaka halikujileta lenyewe. Tulikuwa tunatafuta ulinzi, tukapata sura mpya bila ahadi ya ulinzi. Hapo njo kosa la depanere, na langu pia, juu nilimlipa.

Kuna kingine. Toleo la Home linataka intaneti na konti ya Microsoft tangu siku ya kuinstale. Likianza mapdeti, linaandika usizime mashini. Sawa, mimi sizimi. Lakini delestaji itazima, na batri zetu zimechoka. Sistemi hii iliandikwa na mutu ambaye kuranti kwake haikatiki. Mimi simlaumu kwa kuishi vizuri, lakini tunapochagua, tuchague kwa maisha yetu.

Linux Mint 22, toleo la Xfce, lilitoka 2024 na litapata mapdeti mpaka 2029. Inaomba RAM giga 2, ijapokuwa wenyewe wanashauri 4. Fishie yake ni karibu giga 3; unavuta mara moja, unainstale mashini zote tano bila kulipa lisansi. Nilichopenda zaidi: unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa disiki. Wifi inashika? Sauti inatoka? Klavye ya AZERTY inasikia? Unaona kwanza, unaamua kisha. Mimi naita ile heshima. Baada ya kuwaka, ilitumia chini ya giga 1 ya RAM. Mapdeti inakuonyesha orodha, wewe njo unabonyeza, siku uko na mega na kuranti. Ile virusi ya rakursi haitembei mule, ijapokuwa inaweza kubaki kwenye flashi na kwenda kuchafua kwa mwingine.

Kwa haki niseme: katikati niliondoa disiki ya kuzunguka, nikaweka SSD ya giga 240, na nikarudia sistemi zote mbili. Tofauti kubwa ilitoka hapo. Hata Windows 11 ilianza kutembea, mpaka unapofungua Word na kurasa sita za intaneti pamoja. Basi mwenye kusifu Mint peke yake bila kutaja SSD anawauzia hadithi.

Sasa mabaya ya Mint, juu wapenzi wa Linux wanapenda kuyaficha. Finalisti mmoja alifungua memwari yake katika LibreOffice, akasahihisha, akarudisha fishie kwa sekretaria yenye Word. Kurasa 84 zikawa 91. Meza ya yaliyomo ikadanganya, tablo mbili zikakatika katikati. Ilikuwa jioni ya mwisho ya depo. Mimi njo nilikuwa nimemwambia "ni sawa tu, ni kitu kimoja". Haiko kitu kimoja. Tulikaa mpaka usiku, mimi na yeye, tunapanga tablo kwenye Word ya jirani, huku jenereta ikilia. Alidepoze, lakini sura yake ya ile usiku njo imenifanya niandike haya.

Kwa kuchapa, PDF inatosha: kurasa hazitembei. Lakini promoteri anataka fishie ya Word ili aweke maoni yake, na huwezi kumfundisha profesa sistemi mpya. SPSS iliyonunuliwa kwa Windows haiingii hivihivi katika Mint. PSPP inasaidia hesabu za kawaida, haifanyi yote. Na siku mashini ikigoma, madepanere wengi wa hapa wataiangalia tu, kisha watapendekeza kurudisha Windows ya kuiba.

Hukumu yangu basi. Windows 11 ni sistemi nzuri kwa mashini iliyozaliwa nayo. Kwa T430 ni nguo ya mutu mwingine. Mint ni sistemi nzuri kwa T430, lakini haiko nzuri kwa kila kazi ya finalisti, na kumwambia kinyume ni kumtega.

Napendekeza hivi. Mashini nne ziwekwe SSD na Mint, kwa kusoma, kutafuta, kuandika na kutoa PDF. Ya tano ibaki na Windows 10, Word na SPSS, bila intaneti kabisa, kwa sahihisho la mwisho. Na kila flashi ipite kwanza kwenye Mint, tuifungue na tuisafishe. SSD moja nililipa dola 25. Tano ni dola 125, haifiki bei ya laptop mpya moja. Kotizasio inayobaki inunue batri, na ilipe siku mbili za kufundisha batoto wetu kutumia LibreOffice mbele ya memwari, haiko usiku wa depo.

Komite ikikataa, sawa, nitatoa kotizasio yangu kama wote. Lakini tusiseme tena kama zile mashini zimekufa. Moja njo nimeandikia haya yote, na kuranti imekatika mara mbili.