Jinsi rundo la ngombo linavyosomwa

Ngombo ni kikapu cha kupigia ramli cha Wachokwe, Walunda na jamaa zao. Hutumika kuanzia Sandoa na Dilolo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi Angola na kaskazini-magharibi ya Zambia. Ndani yake mna sanamu ndogo za mbao, mbegu, mifupa, makucha ya wanyama na udongo wa rangi. Maelezo bora ya usomaji wake yanatoka kwa Wandembu, jamaa ya Walunda wa Mwinilunga nchini Zambia, ambako mwanaanthropolojia Victor Turner alifanya utafiti miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo mwaka 1961.

Wandembu huviita vitu hivyo tuponya, na kila kimoja kina maana kadhaa. Chamutang'a, sanamu ya mtu aliyejikunyata na kushika kidevu, ni mtu asiye na msimamo. Katwambimbi huashiria msiba, na pia yule anayeuchochea. Udongo mweupe ni uzima, bahati na usafi wa moyo. Mwekundu ni kinyongo. Anayeanza huweza kuikariri orodha hii upesi, lakini akiishia hapo hajui kusoma.

Kinachosomwa ni rundo. Mpiga ramli huuliza swali, hukipepeta kikapu, na vitu hurundikana upande mmoja. Hutazama vitatu au vinne vilivyo juu: kila kimoja peke yake, kisha vikiwa pamoja, kisha kipi kimekaa juu ya kipi. Udongo mwekundu ukitokea karibu na Chamutang'a, chuki huwa imepata mwenyewe, mtu kigeugeu. Swali nalo huchuja: likiwa la ugonjwa, maana za kitu zinazohusu ugonjwa ndizo husikilizwa, nyingine huwekwa kando.

Rundo moja halitoshi. Kikapu hupepetwa tena kwa swali lilelile, na kitu kikirudi juu mara tatu, moja ya maana zake huhesabiwa kuwa sehemu ya jibu. Sharti hili ndilo uti wa mgongo wa kazi nzima, maana humzuia msomaji kuridhika na mpangilio wa kwanza unaompendeza. Katika karata 78 za taroti, kwa kawaida kila nafasi mezani hupewa maana kabla karata haijafunuliwa. Katika ngombo nafasi huzaliwa na anguko lenyewe, hivyo kurudia ndiko kunakotenganisha ishara na bahati.

Wateja nao ni sehemu ya usomaji. Huficha walichojia, na hata hujibu uongo kwa makusudi, ili wampime mpiga ramli. Naye hulazimika kwenda hatua kwa hatua: ni kifo au ugonjwa, mwanamume au mwanamke, ndugu wa upande gani. Ustadi huu haupatikani kwa kukariri. Mwanafunzi huupata kwa mpiga ramli mzoefu, anayemfundisha maana za tuponya na namna ya kuuliza.