Bibi Kitandani: Picha za Doré katika Hadithi za Perrault

Mwaka 1862 mchapishaji Hetzel wa Paris alitoa hadithi za Charles Perrault katika kitabu kikubwa, kizito kwa mikono ya mtoto, kilichopambwa kwa picha za Gustave Doré. Hadithi zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchapwa tangu 1697. Aliyekuwa na neno jipya la kusema, basi, ni mchoraji.

Kitabu chafunguliwa kwa picha ya bibi kizee mwenye miwani akiwasomea watoto waliomzunguka. Msomaji na aikumbuke sura hiyo, maana mara aingiapo katika hadithi ya binti wa kofia nyekundu atamkuta bibi mwingine. Kwanza Doré atuonyesha mbwa mwitu akikutana na binti msituni: twamwona mnyama kwa mgongo, nasi twasimama nyuma yake kana kwamba tu wawindaji wenziwe. Kisha amvamia bibi kitandani. Katika picha ya tatu mnyama amelala, amevaa kofia ya kulalia ya marehemu, na mtoto yuko kando yake chini ya shuka moja.

Hapo ndipo ustadi ulipo. Maneno ya Perrault yasema tu kwamba binti alishangaa, kisha yaingia katika maswali ya mikono, masikio na meno. Doré amchora akijivutia shuka kifuani, macho yamemkazia yule aliye ubavuni pake. Amekwisha kujua, lakini bado aitwa mjukuu. Hofu ya mtoto anayemtilia shaka mtu aliyefundishwa kumheshimu si jambo dogo, wala sijaona maneno yaliyoieleza vizuri zaidi.

Nimemsikia mwalimu mmoja akitaka picha hii ifichwe wanafunzi. Sikubaliani naye. Watoto waliokwisha kusikia habari za zimwi gizani hawatavunjwa moyo na karatasi. Tena Doré mwenyewe alikuwa na haya, hakuchora kumezwa. Aliacha kalamu pale ambapo mtoto angali na macho ya kuonea.

Perrault amaliza kwa binti kuliwa. Mwindaji wa ndugu Grimm, aliyetokea katika kitabu chao cha 1812 huko Ujerumani, hayumo humu. Mwanafunzi atakayemtafuta baada ya picha ya tatu atakuta hadithi nyingine imekwisha kuanza.