Usiku wa Kwanza wa Ngozi

Gari la wawindaji liliingia kambini jua likiwa limekwisha zama, na nyuma yake alikuwa amelala dume la nyati aliyepigwa alasiri. Wageni walishuka wakipeana mikono, na wapishi wakawasogezea viti karibu na moto. Mzee mchunaji hakuutazama moto. Alizunguka nyuma ya gari, akaingiza kiganja kwapani mwa mnyama na kukiacha hapo kitambo.

"Bado ana joto," alimwambia kijana wake. "Washa taa zote mbili. Chumvi ikae karibu."

Kambi ile ilikuwa katika kitalu cha uwindaji kusini mwa Tanzania. Mgeni aliyempiga nyati alitoka Marekani, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya kuwinda ng'ambo. Usiku ule, akila chakula, alinisimulia matayarisho yake: kuweka akiba, kuchagua kampuni, vibali vya bunduki, chanjo, tiketi, na mazoezi ya kulenga shabaha kila wikendi. Alikuwa amepanga kila kitu hadi dakika ya kufyatua risasi. Baada ya hapo alidhani kazi imekwisha. Kumbe kwa yeyote anayetaka kuifikisha nyara nyumbani kwake, kazi ndiyo kwanza inaanza, na anayeifanya ni mtu ambaye jina lake halimo katika barua hata moja kati ya zile alizoandikiana na kampuni.

Adui wa mchunaji ni joto. Mnyama akishakufa, bakteria walio katika ngozi na nyama huanza kula, na joto la mwili huwaharakisha. Wakishika mizizi ya nywele, manyoya hunyonyoka kwa mafungu. Ubaya ni kwamba jambo hilo halionekani kambini. Ngozi inaweza kukauka vizuri, ikafungwa, ikavuka bahari, kisha huko ughaibuni fundi akailoweka na nywele zikambakia mkononi. Wakati huo hakuna dawa. Ndiyo maana Mzee hapumziki kwanza, hali kwanza, wala hangoji kukuche.

Kwa nyara ya kichwa na mabega, kisu hakianzii mbele. Mzee alipitisha mkato wa kwanza nyuma kabisa ya mabega, ukazunguka kifua na mgongo. Anakata mbali kwa makusudi, kwa sababu ngozi ikizidi fundi ataipunguza, ikipungua hakuna wa kuiongeza. Kisha akapanda na mkato mmoja katikati ya shingo kwa juu, kutoka mabegani hadi kisogoni, ambapo uligawanyika mara mbili kuelekea kwenye pembe. Mshono utakuja kukaa huko juu, penye manyoya, ambapo mtazamaji hauoni.

Hapo ndipo linapoingia jambo la koo. Kambini wapo Waislamu, na nyama ya nyati ni chakula cha watu. Anayewinda nao anataka ngozi ya koo iwe nzima, nao wanataka mnyama achinjwe. Kambi nzuri huyamaliza haya kabla ya kwenda porini: nani atachinja, kwa kisu gani, na mkato utapita wapi. Mzee aliukagua mkato wa siku ile kwa kidole akatikisa kichwa kukubali. Ulikuwa mfupi na mnyoofu, na ukingo wake haukuchanika. Ngozi iliyokatwa kwa kisu kikali hushoneka. Kwake mtu hawezi kunyimwa riziki ya halali ili ukuta wa mwenzake upendeze, na fundi anayeijua kazi yake hashindwi na mkato mmoja.

Kijana alipoanza kuvuta ngozi ya shingo, Mzee alimgusa kiwiko. "Usifuate wekundu, fuata weupe." Kati ya ngozi na nyama kuna utando mweupe, na kisu kikienda humo hakitoboi ngozi wala hakiachi nyama juu yake. Kijana alipunguza mwendo. Ngozi ya shingo ya dume mzee la nyati ni nene na nzito, ndiyo ngao yake anapopigana na wenzake, na kubanduka kwake kunataka subira.

Usoni Mzee alimpokonya kisu kwa upole akakaa mwenyewe. Alibadilisha akachukua kisu kidogo, ubapa wake umeliwa na jiwe la kunolea hadi ukawa mwembamba kama jani la mpunga. Alipofika jichoni, aliingiza kidole cha mkono wa kushoto ndani ya tundu la jicho kwa upande wa nje, akakata kwa upande wa ndani huku akikisikiliza kisu kupitia kidole chake mwenyewe. Kope za mnyama ni nyembamba. Zikikatwa hata kidogo, mnyama yule akitengenezwa atakuwa na jicho la mgonjwa maisha yake yote ukutani. Macho ya Mzee yalikuwa yametazama pembeni, gizani. Kazi yote ilikuwa ya vidole.

Kisha midomo. Mdomo una ngozi ya nje na ngozi ya ndani, na zisipotenganishwa chumvi haipenyi na pale ndipo huoza kwanza. Aliipasua katikati kama mtu anayefungua bahasha bila kuichana. Pua nayo vivyo hivyo, gegedu likitolewa kidogo kidogo. Masikio aliyageuza ndani nje kama soksi, akisukuma kwa kijiti butu hadi kwenye ncha, kwa sababu ncha ya sikio ndiyo huharibika mapema. Kwa mnyama kama kongoni kuna kazi ya ziada: mbele ya jicho lake kuna tezi ambayo ngozi yake huzama ndani ya kishimo cha mfupa, na mchunaji lazima ashuke nayo hadi chini bila kuitoboa. Kwa chui na simba kuna vidole, vinavyochunwa kimoja kimoja hadi kiungo cha mwisho ili kucha zibaki na ngozi. Na simba ana vijifupa viwili vidogo vinavyoelea ndani ya nyama ya bega bila kuungana na mfupa mwingine. Wawindaji huvipenda kama kumbukumbu. Asiyejua huvitupa pamoja na nyama, lakini Mzee huvitafuta kwa kidole gumba na kuvipata.

Ndipo chumvi ikaja. Kanuni ya mafundi ni kilo moja ya chumvi kwa kila kilo ya ngozi mbichi, na inatakiwa chumvi laini, kwa sababu ya mawe haiingii kwenye mikunjo. Walitandaza ngozi juu ya mbao zilizoinama, upande wa nyama juu, wakasugua. Hawakunyunyiza kama watu wanaotia chumvi mchuzini; walisugua kwa viganja, midomoni, puani, ndani ya masikio, kwenye kingo zote zinazopenda kujikunja. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya ngozi, na pasipo maji bakteria hawazaliani. Hadi asubuhi maji mekundu yalikuwa yametiririka chini ya mbao. Chumvi iliyolowa ilikung'utwa, ikapakwa mpya, na ngozi ikaanikwa kivulini. Jua halitakiwi: hukausha juu upesi na kuacha unyevu umefungwa ndani. Kabla haijakauka kama ubao hukunjwa, kwani ikishakakamaa hupasuka mtu akilazimisha.

Elimu hii haikuanza jana. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, msafara wake ulibeba takriban tani nne za chumvi laini kwa ajili ya ngozi. Ilipanda vichwani mwa wapagazi zaidi ya 200, pamoja na mahema na vyakula. Waliopanga safari ile walielewa kwamba bila chumvi wangerudi kwao na hadithi peke yake. Na Carl Akeley, aliyefariki mwaka 1926 kwenye mlima Mikeno nchini Congo, aliugeuza utengenezaji wa wanyama wa makumbusho kwa kufinyanga kwanza misuli kwa udongo kabla ya kuivika ngozi. Ukumbi wa wanyama wa Afrika katika makumbusho ya New York, uliofunguliwa mwaka 1936, una jina lake. Lakini sanaa yake yote ilihitaji ngozi yenye kope nzima na midomo isiyooza, na ngozi hiyo ilitengenezwa huku kwetu, porini, usiku wa kwanza.

Fuvu lilichemshwa kesho yake ndani ya pipa, maji yakifika kwenye mfupa lakini si kwenye pembe, kwa maana pembe zikichemshwa huharibika. Ubongo ulitolewa, nyama ikakwanguliwa. Kila kipande kilifungwa lebo yenye namba, na afisa wanyamapori aliyeandamana na msafara akahakiki na kuandika.

Lebo hizo si mapambo. Kiswahili kinatumia neno moja, nyara, kwa kitu kilichotekwa na kwa kumbukumbu ya mwindaji, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inalichukua neno hilo kwa uzito wote: pembe, ngozi, jino au kucha isiyo na hati ni nyara ya Serikali, na aliyekutwa nayo ana kesi. Kwa hiyo nyara husafiri na makaratasi yake tangu kitaluni. Kuna leseni ya uwindaji, hati ya umiliki, kibali cha kusafirisha nje na cheti cha daktari wa mifugo. Kwa wanyama waliomo katika CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka unaofanya kazi tangu 1975, kuna kibali kingine. Chui yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, maana yake nchi anakokwenda ni lazima itoe kibali cha kuingiza kwanza ndipo huku kitolewe cha kutoa. Mgeni aliyesahau kukiomba kwao mapema ngozi yake itamngoja ghalani. Marekani nayo huwa na tahadhari ya pekee kwa ngiri, kwa kuogopa homa ya nguruwe ya Afrika.

Baadaye ngozi hutiwa dawa ya wadudu na hufungwa ndani ya sanduku la mbao. Hata mbao zina sheria zake: lazima ziwe zimepitishwa kwenye joto au kufukizwa dawa na kupigwa muhuri wa kimataifa, zisije zikasafirisha dumuzi. Tangu risasi hadi ukutani hupita miezi mingi. Katika miezi yote hiyo hakuna karatasi inayoweza kurekebisha kosa la usiku wa kwanza. Kibali kilichochelewa kitapatikana kwa kungoja, lakini nywele zilizonyonyoka hazirudi.

Najua wapo wasiopenda uwindaji wa kitalii. Kenya iliufunga mwaka 1977, Tanzania iliufunga mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, na mjadala unaendelea. Lakini mnyama akishalala chini, kumpotezea nyama na ngozi kwa uzembe ni kumdharau mara ya pili. Nilichokiona katika mikono ya Mzee ni kinyume cha dharau. Alimgusa nyati yule kwa uangalifu ambao watu wengi hawaupati kwa mafundi wao.

Kwa hiyo nawaomba mnaopokea wageni hawa, na ninyi mnaowaongoza ndugu na marafiki kutoka ng'ambo kupanga safari yao ya kwanza: kabla ya kuuliza bei ya nyati, ulizeni mchunaji ni nani, ana miaka mingapi kazini, na magunia mangapi ya chumvi yamo kambini. Mlipeni kama fundi, si kama kibarua. Jina lake liandikwe kwenye orodha ya watumishi wa safari pamoja na la mwindaji bingwa. Na kijana akiomba kukaa karibu na Mzee jioni, apewe kisu kidogo na kichwa cha swala pala, aanze na masikio.