Mapigo au Sauti? Dramu za Kompyuta Mjini Moshi

Masika yanapoanza Moshi, prodyuza mwenye studio ya chumba kimoja haulizi saa ya kuzima maikrofoni. Mvua ikishatua juu ya mabati, hata mpiga dramu hodari namna gani atarekodi mvua. Ongeza bei ya seti ya dramu, maikrofoni nane au zaidi za kuizunguka, na jirani aliyetoka zamu ya usiku anayetaka kulala mchana. Haishangazi kwamba dramu za nyimbo nyingi, za injili kwa za Bongo Fleva, siku hizi hukaa ndani ya kompyuta mpakato.

Programu ya dramu ikishanunuliwa, ndipo swali la fedha linapoanza. Wauzaji huja na bidhaa za aina mbili. Kuna pakiti ya mapigo: mafaili ya MIDI yaliyopigwa na mpiga dramu wa studio, yakapangwa kwa ubeti, kiitikio na mapigo ya kuvukia kutoka sehemu moja ya wimbo hadi nyingine. Halafu kuna pakiti ya sauti: dramu nyingine kabisa, ngozi nyingine, matoazi mengine, zilizorekodiwa kwenye ukumbi mwingine. Kampuni ya Toontrack ya Umeå, Sweden, iliyotoa EZdrummer mwaka 2006, huuza zote mbili, na pakiti zake za sauti za programu hiyo huitwa EZX. Mojawapo imepewa jina Drumkit from Hell, dramu za jehanamu, jina ambalo prodyuza mwenye akili hatalifasiri mbele ya wazee wa usharika.

Ndani ya faili la MIDI hamna sauti hata chembe. Kiwango cha MIDI, kilichoanza kutumika 1983, ni karatasi ya maagizo tu: piga noti namba fulani, wakati fulani, kwa nguvu fulani kati ya 1 na 127. Katika mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991, namba 36 ni kiki, 38 ni snea, 42 ni hai-hati iliyofungwa na 46 ni iliyoachwa wazi. Ndiyo maana pakiti ya mapigo hushuka kabla chai haijapoa, ilhali pakiti ya sauti hula bando kwa gigabaiti. Sauti za msingi za Superior Drummer 3, programu kubwa ya kampuni hiyohiyo iliyotoka 2017, zinapita gigabaiti 230. Kwa bei nako, mapigo ni nafuu kuliko sauti.

Kwa mwenye mfuko mwepesi, jibu linaonekana limeshapatikana. Bado.

Muziki wa dansi wa Tanzania una ushahidi wa kutoa hapa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilijulikana kwa mtindo wa Msondo. Mwaka 1978 mwimbaji wake Muhidin Maalim Gurumo na wenzake walihamia bendi mpya ya Mlimani Park, ikatamba kwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1985 Gurumo akaenda Orchestra Safari Sound, na huko mtindo ukaitwa Ndekule. Mwimbaji huyohuyo, magita na dramu za aina ileile, jiji lilelile. Ila kila bendi ilipigania mwendo wake, na msikilizaji alilipa kiingilio kuufuata mwendo huo. Hakuna bendi iliyojitangaza kwa aina ya snea iliyonunua. Mapigo ndiyo yaliyokuwa kitambulisho, nayo yalitoka kwa wapigaji na kwenye ngoma walizokulia.

Kwa hiyo anayenunua mapigo yaliyofungwa tayari anaweka fedha mahali ambapo mwanamuziki wa hapa ana hazina, na anayenunua sauti anaziba pengo ambalo kweli analo. Huo ndio msimamo wa safu hii, ingawa una mwanya mmoja utakaotajwa.

Tuseme kwaya kutoka Marangu imekodi studio mjini kwa siku mbili. Wimbo wao unakwenda sita kwa nane, sauti ya nne inaburuta kidogo nyuma ya mdundo, na mwalimu wa kwaya anauongoza kwa mkono, bila saa ya kompyuta. Ulutheri wa Kilimanjaro una desturi yake ya muziki, kwaya na matarumbeta, iliyokua tangu wamisionari wa Leipzig walipofika 1893; mwendo wa kwaya hiyo haumo kwenye pakiti iliyorekodiwa kwa ajili ya roki au kantri. Prodyuza anaweza kupata mapigo ya sita kwa nane, maana wauzaji huyapanga kwa mizani na kwa kasi. Mizani itakaa, mburuto hautakaa.

Mburuto huo una hesabu yake. Faili lenye tiki 480 kwa kila pigo la robo likichelewesha snea kwa tiki 10, kwenye kasi ya mapigo 90 kwa dakika ucheleweshaji ni kama milisekunde 14. Ukipandisha kasi hadi 180 unabaki milisekunde 7, na ule uvivu mtamu uliolipiwa umepungua nusu. Fikiria sasa singeli ya Dar es Salaam, inayokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika: pakiti iliyopigwa kwa mwendo wa polepole ikivutwa hadi huko inakuwa kitu kingine, na si lazima kiwe kizuri.

Njia iliyo bora kwa kwaya ya Marangu ni kumkalisha mpiga dramu wao mbele ya pedi, au hata kwenye kinanda, akapiga kiki na snea kwa vidole huku akiwasikiliza waimbaji kwenye spika za masikioni. Hapo ndipo ubora wa sauti unapodai haki yake. Mpiga dramu wa kweli hugusa snea kwa nguvu 25, halafu 31, halafu 28, kati ya pigo moja la 110 na jingine. Sauti zilizorekodiwa kwa ngazi chache zitamjibu kwa snea ileile mara tatu, kama cherehani. Maktaba nzuri huwa na ngazi nyingi za nguvu, na kwa kila ngazi mapigo kadhaa yanayopokezana ili sikio lisinase marudio. Ujuzi wa mpigaji hupotea pasipo na sauti ya kuubeba.

Na kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita mbio: pakiti ya EZX huja na mapigo yake ya MIDI ndani, yaliyopigwa kuendana na sauti hizo. Pakiti ya mapigo haiji na sauti yoyote. Anayenunua sauti hapati kitu kimoja tu.

Mwanya wenyewe ni huu. Asiyeweza kupiga wala hana wa kumpigia, na anatengeneza nyimbo za nne kwa nne za kawaida kwa wateja wanaosubiri nje, atapata faida kwenye mapigo ya bei nafuu. Wakati wake ni ghali kuliko upekee.

Kabla ya kulipa, ni vyema kuangalia mambo mawili ya kuchosha. Pakiti za sauti za Toontrack ziitwazo SDX hufunguka kwenye Superior Drummer tu, hazifunguki kwenye EZdrummer. Na mapigo ya kampuni moja yakiingizwa kwenye programu ya nyingine, kiki na snea kwa kawaida hukaa sawa, ila hai-hati huweza kutawanyika, kwa kuwa kila programu huzipa ngazi za kufunguka kwa hai-hati namba zake.

Ngoma za hapa kama msondo na chapuo hazimo kwenye orodha ya EZX. Superior Drummer 3 hukubali sauti alizorekodi mtumiaji mwenyewe, na ina sehemu inayogeuza rekodi ya dramu kuwa MIDI. Sehemu hiyo ilifundishwa kutambua kiki, snea, tomu na matoazi, kwa hiyo ikisikia chapuo inaweza kuiandika kama tomu. Prodyuza atapitia pigo kwa pigo na kuhamisha noti kwa mkono, wimbo mmoja, jioni nzima.